Kiaraki, lugha ya kisiwa kidogo inayomezwa na jirani yake

Araki inayosemwa hapa haina uhusiano na pombe kali. Ni kisiwa kidogo cha Vanuatu, nchi ya visiwa katika bahari ya Pasifiki, mashariki mwa Australia. Kiko karibu na pwani ya kusini ya Espiritu Santo, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya nchi ile. Mwaka 2012, lugha ya wenyeji, Kiaraki, ilibaki na wasemaji 8 hivi.

Vanuatu iko na watu karibu 300 000 na lugha zaidi ya 100. Kwa kuwa Ufaransa na Uingereza waliitawala pamoja mpaka 1980, mtu angefikiri Kifaransa ama Kiingereza ndizo zinameza lugha ndogo. Ama Bislama, lugha ya taifa. Kwa Araki si hivyo. Kinachokimeza Kiaraki ni Kitangoa, lugha ya kisiwa cha jirani, nayo ni ndogo pia: wasemaji wake ni mamia tu. Wamisionari Wapresbiteri walijenga kituo chao Tangoa mwishoni mwa karne ya 19, wakafungua shule ya kufundisha watumishi wa kanisa. Lugha ya Tangoa ikapata heshima ya kanisa. Polepole, watoto wa Araki wakakua wakisema Kitangoa. Hakuna aliyepiga marufuku lugha yao.

Kinachopotea ni nini? Kwanza, sauti. Kiaraki kina m, p na v za kawaida, lakini kina zingine tatu ambazo ncha ya ulimi inagusa mdomo wa juu. Jaribu kusema "mama" namna hiyo, utacheka. Sauti za aina hii zinapatikana katika lugha chache sana duniani, ingawa Kitangoa kinazo pia. Tena kuna r mbili, moja ya kupiga ulimi mara moja, nyingine ya kuutetemesha, na kuzichanganya ni kubadilisha neno.

Neno "sisi" liko mara mbili: moja linamuhesabu unayeongea naye, lingine linamuacha nje. Ukisema kwa Kiswahili "tutakula", mgeni anaweza kujiuliza kama naye ameitwa mezani. Kwa Kiaraki hapana shaka. Umiliki pia una ufundi wake. Viungo vya mwili na ndugu vinashikana na mwenyewe ndani ya neno moja, karibu sawa na vile tunasema "mamako". Lakini kitu cha kula kinachukua "yangu" yake, cha kunywa yake, na vingine yao.

Ufundi mkubwa uko kwenye kitendo. Kiswahili kinauliza lini: amekuja, anakuja, atakuja. Kiaraki kinauliza kwanza kama jambo ni la kweli ama bado linawazwa tu, na jibu linabebwa na alama ya mtendaji inayotangulia kitendo.

Mfaransa Alexandre François, mtaalamu wa lugha, alikusanya sarufi yake katika kitabu kilichotoka 2002, akatengeneza pia kamusi. Hadithi alizorekodi kwa wazee zinasikilizwa bure kwenye intaneti, katika hifadhi ya sauti inayoitwa Pangloss.