Shoti: Neno Moja, Magonjwa Manne ya Pikapu

Mwenye pikapu kuukuu akifika gereji huwa na kauli moja: "Fundi, gari lina shoti." Huisema taa za nyuma zikigoma kuwaka. Huisema betri ikilala nzima na kuamka haina kitu, huisema fyuzi ikiungua kila inapobadilishwa, na huisema hata indiketa ikianza kupepesa taa isiyo yake. Vyombo vya habari navyo vimelizoea neno hilo: duka likiteketea, chanzo ni shoti ya umeme, mtu akirushwa na waya, amepigwa shoti.

Kwa fundi umeme wa magari hayo ni magonjwa mbalimbali, na mawili kati yake yako kinyume kabisa. Fundi akitafuta shoti pasipo na shoti, atafungua dashibodi, atachana tepu ya nyaya zilizokuwa salama, na pikapu itatoka gereji ikiwa na viungo vipya vya kuharibika pamoja na hitilafu yake ileile. Mwenye gari atalipa vyote. Kwa hiyo si ubishi wa kamusi tu tukiuliza shoti ni nini hasa, na ni nini isiyo shoti.

Katika saketi nzima, mkondo wa umeme hutoka kwenye chanya ya betri, hupita kwenye fyuzi na swichi, huingia kwenye kifaa chenye kazi ya kufanya, iwe balbu, mota au honi, kisha hurudi kwenye hasi. Ndani ya gari safari ya kurudi kwa kawaida haina waya wake hadi mwisho. Mkondo hurudi kwa kupitia bodi na chasisi, njia ambayo mafundi huiita erthi. (Land Rover nyingi za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zilifungwa kinyume, chanya ndiyo iliyoshikwa na chasisi, na anayeziwekea redio ya kisasa bila kujua hilo huzusha balaa.) Kifaa ndicho chenye sehemu kubwa ya ukinzani, na ukinzani huo ndio unaoamua mkondo uwe kiasi gani. Balbu ya taa kubwa ya wati 55 kwenye volti 12 huvuta ampea zisizofika 5.

Sasa waya wa moto uchubuke kabla haujafika kwenye balbu, shaba yake iguse chasisi. Mkondo hauna sababu tena ya kuipitia balbu. Unarudi moja kwa moja kwenye betri. Ukinzani uliobaki ni wa waya wenyewe, nao ni mdogo sana. Tuseme ni sehemu moja ya kumi ya omu. Kwa kanuni aliyoichapisha Georg Simon Ohm mwaka 1827, gawanya volti 12 kwa hiyo sehemu moja ya kumi: unapata ampea 120, ndani ya waya uliotengenezwa kwa ajili ya taa ndogo. Fyuzi ya ampea 15 hukatika papo hapo. Isipokuwepo, ganda la waya huyeyuka, waya wa jirani nao huwa uchi, na gari huanza kutoa moshi.

Hiyo ndiyo shoti: mkondo kurudi kwenye chanzo chake bila kupitia kifaa.

Kiswahili cha darasani kimetupa "saketi fupi" na "mzunguko mfupi". Siyapendi maneno haya. Yanamfanya mwanafunzi afikirie urefu, na urefu hapa si hoja. Waya unaochubuka jirani na taa ya nyuma ya pikapu umeshasafiri mita kadhaa kutoka kwenye betri. Njia hiyo ni ndefu kuliko ya taa kubwa ya mbele ambayo haina tatizo lolote. Kilichopungua ni ukinzani. Kifaransa na Kijerumani navyo vilitumia neno la ufupi, kwa hiyo kosa si letu peke yetu, lakini sisi hatukulazimika kulifuata. Tuna "njia ya mkato". Mtu yeyote aliyewahi kupita kichochoroni ili kukwepa kituo cha ukaguzi anaelewa mara moja mkondo unapokwepa balbu. Kasoro ya "mkato" ni kwamba unakaribiana mno na "kukatika", na waya uliokatika ni ugonjwa mwingine, kama tutakavyoona. Kwa hiyo naona "njia ya mkato" ibaki kuwa maelezo, na istilahi iwe "shoti". Neno hili limeshatoholewa na mafundi wenyewe, linatamkika bila shida, na linaingia vizuri kwenye sentensi: nyaya zimepiga shoti. Ile shoti nyingine ya Kiswahili, ya farasi anayekwenda mbio, haiwezi kuchanganywa nayo gereji.

Maana yake huonekana vizuri zaidi shoti inapotafutwa. Chukua Toyota Hilux ya miaka ya 1980, iliyokwishabeba kila kitu, kuanzia mchanga hadi mikungu ya ndizi. Kila ukiwasha taa ndogo, fyuzi iliyoandikwa TAIL inaungua. Fyuzi hiyo hulisha taa ndogo za mbele, taa za nyuma, taa ya namba na mwanga wa dashibodi. Zote pamoja huvuta ampea chache tu, kwa hiyo fyuzi haiungui kwa kuelemewa na kazi yake ya kila siku. Wengi hapa hukosea: huweka fyuzi kubwa zaidi, au hufunga waya, au hukunja karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara na kuichomeka. Taa zinaweza kuwaka kwa muda. Lakini ugonjwa haujaondoka. Umehamishwa kutoka kwenye fyuzi, mahali palipotengenezwa ili paungue, kwenda popote penye udhaifu ndani ya gari, pengine chini ya zulia la dereva.

Fundi anayejua kazi huchukua balbu ya indiketa ya wati 21, huifunga nyaya mbili, na kuichomeka mahali pa fyuzi. Kwanza hutoa balbu zote za saketi ile, kwa sababu zikibaki zitapitisha mkondo na kumdanganya. Kisha huwasha swichi ya taa ndogo. Shoti ikiwepo, balbu yake huwaka kwa nguvu zote, maana karibu volti zote 12 zinaangukia kwake. Mkondo haufiki ampea 2, hakuna kinachoungua, na hana haja ya kupoteza boksi zima la fyuzi. Nampongeza aliyebuni njia hii, yeyote awaye. Kitu cha bei ya chini kabisa gereji kinafanya kazi ya kipimo na ya ulinzi kwa wakati mmoja.

Baada ya hapo ni kazi ya kutenga. Anachomoa soketi inayopeleka nyaya nyuma. Balbu ikizimika, shoti iko nyuma. Ikiendelea kuwaka, iko mbele au chini ya dashibodi. Kwa kitendo kimoja sehemu kubwa ya gari imeondolewa mashaka. Anarudisha soketi, anaingia chini ya gari, anatikisa nyaya hatua kwa hatua huku msaidizi akiitazama balbu. Ikipepesa, mkono umekaribia.

Kwenye pikapu iliyozeekea kazini kuna mahali pa kuanzia. Pa kwanza ni pale nyaya zinapopenya tundu la chasisi. Tundu hilo lilivalishwa raba kiwandani. Baada ya miongo kadhaa raba hukauka, hupasuka na kudondoka, na ukingo wa chuma huanza kukereza waya kila gari linapoingia kwenye shimo. Pa pili ni popote palipochomelewa. Sehemu ya mizigo ikioza huchomelewa kiraka, na mchomeleaji asiyesogeza nyaya huzipika zilipo, maganda yakashikana. Pa tatu ni nyaya zilizoongezwa na watu waliotangulia: redio, taa za ziada, kengele ya wizi iliyokwisha kufa lakini nyaya zake zingali na moto. Pa nne ni nyuma kabisa, kwenye taa ya namba na bampa, panapogongwa kila siku wakati wa kupakia.

Jeraha likionekana huwa dogo ajabu. Ganda limelika kwa milimita chache, shaba imetokeza ikiwa imekoza weusi, na kwenye chuma mkabala nayo kuna alama ya cheche. Kulizungushia tepu na kuondoka ni nusu ya kazi. Waya ulioungua ukatwe na kuungwa vizuri, uvalishwe mpira, raba ya tundu irudishwe, na nyaya zifungwe klipu mbali na ukingo. Ndipo fyuzi mpya iwekwe, ya ampea zilezile zilizoandikwa.

Tumgeukie sasa yule mwenye indiketa inayopepesa taa nyingine. Huyo hana shoti. Ana erthi mbovu, na hili ndilo lile jambo la kinyume nililolitaja. Boliti inayoshikisha waya wa erthi kwenye bodi imeshika kutu. Kwenye miji ya pwani, kama Tanga na Mombasa, chumvi ya hewani huharakisha kazi hiyo. Ukinzani umekuwa mkubwa mahali ulipotakiwa kutokuwepo. Mkondo wa indiketa, ukikosa njia nzuri ya kurudi, hutafuta njia kupitia nyuzi za balbu za jirani, nazo hupepesa kwa mwanga hafifu. Fyuzi haiguswi. Dawa yake ni msasa, boliti safi na grisi kidogo. Ukimwambia fundi "shoti" hapa, umemtuma kutafuta ukinzani uliopotea wakati tatizo ni ukinzani uliozidi.

Betri inayokufa usiku nayo mara nyingi haina shoti. Shoti ya kweli kwenye waya wenye fyuzi ingeikata fyuzi na kuiacha betri salama. Hapa umeme unavuja: kitu fulani kinaendelea kula mkondo mdogo gari likiwa limezimwa, labda relei iliyonata, redio iliyofungwa moja kwa moja kwenye betri, au dayodi ya altaneta iliyoharibika. Nusu ampea inaonekana si kitu, lakini kwa saa 24 ni ampea-saa 12, na betri ya ampea-saa 60 haitamaliza wiki. Hupimwa kwa kufungua waya wa hasi wa betri na kuweka mita ya ampea katikati, kila kitu kikiwa kimezimwa, kisha kuchomoa fyuzi moja moja hadi namba ishuke. Pikapu ya zamani isiyo na kompyuta ikivuta zaidi ya miliampea 50 ikiwa imelala, kuna mvujaji.

Kukatika ni rahisi kueleza: waya umeachana, mkondo hauendi popote, fyuzi ni nzima na kifaa kimekufa.

Na kupigwa shoti? Volti 12 za betri haziwezi kumrusha mtu mwenye ngozi kavu. Kwenye injini ya petroli atarushwa na waya wa plagi, kwa sababu koili hupandisha volti hadi maelfu mengi. Tukio hilo Kiswahili kina jina lake zuri: amepigwa na umeme, au ameshikwa na umeme. Halihitaji kukopa neno la fundi.

Kwa hiyo nawaomba watunga kamusi na walimu wa vyuo vya ufundi waiache "shoti" iwe na maana moja, na kando yake wazifundishe "erthi mbovu", "kuvuja" na "kukatika" kuwa istilahi kamili, zenye hadhi sawa. Nawe mwenye pikapu, ukifika gereji usitaje ugonjwa. Taja ulichokiona: ni fyuzi ipi iliyoungua, ulikuwa umewasha swichi gani, gari lilichomelewa lini na wapi. Na fyuzi ikiungua mara ya pili, usiweke kubwa zaidi. Fungua waya wa hasi wa betri, kisha mwite fundi.