Mhuni: tusi lililowahi kukupandisha lori

Juzi kati nilikuwa Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, na mama mkubwa. Muuza viatu mmoja niliyesoma naye akapaza sauti: "Oya mhuni wangu, umepotea sana!" Mama mkubwa akasimama. "Mbona anakutukana?"

Kwangu ilikuwa salamu. Ila ukifuatilia historia utaona mama mkubwa ana hoja.

Kamusi za zamani zinamweleza mhuni kama mtu wa kuzurura, asiye na makao wala kazi maalumu. Angalia vizuri: hapo hakuna wizi wala fujo. Kosa lake ni kutokuwa na pake. Na Dar es Salaam ya mkoloni, Mwafrika gani alikuwa na pake? Kariakoo yenyewe imepata jina kwa Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Baadaye ikawa sehemu ya Kanda ya Tatu, waliyotengewa Waafrika, lakini hata huko ulikaa kwa masharti. Sheria ya mwaka 1944 iliruhusu serikali kuwaondoa mjini Waafrika "wasiotakiwa", yaani hasa wasio na ajira ya kueleweka. Mwanahistoria Andrew Burton, kwenye kitabu chake cha mwaka 2005, anaonyesha vijana hao walivyotiwa kapu moja: wahuni.

Uhuru ulibadilisha mengi, hili si sana. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvu Kazi. Usipoonyesha kazi halali, unakamatwa, unapelekwa kijijini ukalime. Kichekesho ni kwamba mshahara wa miaka ile haukufika mwisho wa mwezi, hata waajiriwa walikuwa na biashara ndogo pembeni. Aliyeonekana mzururaji ni mchuuzi wa barabarani.

Kaka yake mama mkubwa aliuza karanga. Asubuhi moja alitoka na sinia. Jioni sinia lililetwa na jirani.

Sisi tuliokua baadaye tulilikuta neno mitaani, likiwa limeshachukuliwa na walewale waliotukanwa nalo na kugeuzwa maana: mjanja, mwenzetu, mtu wa kujitafutia. Maneno hupanda daraja hivyo. Ila maana ya zamani haijafa. Sikiliza tu wamachinga wanavyotajwa siku wanapohamishwa.

Muuza viatu naye alishashtuka. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Kitambulisho unacho?"

Akacheka, akidhani anataniwa.