Taa za Uani: Uzuri ni Balbu, Ubora ni Waya

Wahenga wetu walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Walikusudia vyombo vya baharini, lakini usemi huo unafaa sana kwa kitu ambacho huku ughaibuni tunakiona kila kiangazi kikielea juu ya vichwa vyetu: zile taa ndogo zilizotungwa kwenye waya mmoja, kama koja la asmini, zikaning'inizwa uani kutoka ukutani mpaka kwenye mti wa mwisho. Tunazitundika kwenye harusi, kwenye karamu za sikukuu, na katika zile jioni ndefu tunapochoma nyama na kuzungumza Kiswahili mpaka majirani wanachungulia madirishani. Katika makala haya tutaziita mitungo ya taa.

Kila mwaka mjadala ni ule ule. Dukani kuna mtungo wa bei ndogo, na pembeni yake mtungo wa bei mara tatu. Ukiiwasha, yote miwili inang'ara sawasawa. Je, anayelipa zaidi analipia nini? Sisi tunaona jibu la swali hili halimo kwenye boksi, limo katika historia. Taa hizi zina umri wa zaidi ya miaka 140, na katika muda wote huo balbu ndiyo iliyokuwa ikisifiwa, lakini waya ndio uliokuwa ukiamua.

Tuanze Menlo Park, katika jimbo la New Jersey, Marekani. Thomas Edison alikwishaonyesha hadharani balbu zake mwishoni mwa mwaka 1879. Mwaka uliofuata, majira ya Krismasi, alitundika taa za umeme nje ya maabara yake, na abiria waliopita kwa treni wakaziona zikiwaka gizani. Hayo yalikuwa matangazo ya biashara: Edison alikuwa akitafuta ruhusa na fedha za kupeleka umeme katika jiji la New York. Kwa hiyo mtungo wa kwanza wa taa ulitundikwa nje ya jengo, na kazi yake ilikuwa kuvuta macho ya watu.

Mwaka 1882, mwezi Septemba, kituo cha umeme cha Edison katika mtaa wa Pearl kilianza kazi. Miezi mitatu baadaye mshirika wake, Edward Johnson, alipamba mti wa Krismasi nyumbani kwake New York kwa balbu 80 nyekundu, nyeupe na za buluu, kila moja ukubwa wa jozi la kula, zote zimeunganishwa kwa mkono. Mti wenyewe ulikuwa ukizunguka. London nako hawakuwa nyuma: Novemba ya mwaka huo huo, katika ukumbi wa Savoy, waigizaji wa opera ya Iolanthe walitokea jukwaani na vitaa vidogo vichwani vikiwashwa kwa betri.

Watu wa siku hizo walikuwa wametoka wapi? Walikuwa wametoka kwenye mishumaa. Tuliokulia kwenye chemli na karabai tunaelewa vizuri maana yake: mwanga wa moto ni mwanga unaohitaji mtu wa kuuchunga. Mshumaa juu ya mti mkavu, ndani ya nyumba ya mbao, ulihitaji ndoo ya maji iwe karibu. Umeme uliahidi mwanga usiokuwa na mwali. Hicho ndicho kilikuwa kipimo cha kwanza cha ubora, yaani usalama.

Lakini ahadi hiyo ilikuwa ya matajiri. Mitungo iliyokwisha kuunganishwa haikuwepo madukani. Aliyetaka taa alimwita fundi umeme aje aunganishe balbu moja moja, na nyumba yenyewe ilibidi iwe na umeme, jambo lililokuwa adimu. Mambo yalianza kubadilika mwaka 1903, kampuni ya General Electric ilipoanza kuuza mitungo iliyokwisha kuunganishwa kiwandani. Kuanzia hapo mnunuzi hakuhitaji tena kumwona fundi, na kwa hiyo hakujua tena nani aliyeunga waya wake wala kwa uangalifu gani. Tunadhani hapa ndipo swali la ubora tunalojiuliza leo lilipozaliwa.

Wenye kujua hatari hii mapema walikuwa watu wa bima. Mwaka 1893 mji wa Chicago uliandaa maonyesho makubwa ya dunia, na viwanja vyake viliwashwa kwa makumi ya maelfu ya balbu. Wageni walistaajabu, na wenye bima ya moto wakaingiwa na wasiwasi. Kijana mhandisi wa umeme, William Henry Merrill, alipelekwa kuchunguza hatari hizo, na mwaka 1894 akaanzisha ofisi ya kupima vifaa vya umeme ambayo ndiyo chimbuko la taasisi ya Underwriters Laboratories. Zile herufi UL ambazo ndugu zetu wa Marekani wanaziona kwenye lebo za taa zao zimetoka huko. Huko Marekani, kwa taa za mapambo, rangi ya lebo hiyo nayo ina maana: nyekundu inaruhusu matumizi ya ndani na nje, ya kijani ni ya ndani tu.

Uingereza nayo ina historia yake ya taa za nje. Mji wa Blackpool, ufukweni kaskazini-magharibi, uliwasha barabara yake ya pwani kwa taa nane za umeme mwaka 1879. Mwaka 1912, alipokuja Binti Mfalme Louise kufungua sehemu mpya ya barabara hiyo, mji ulitundika balbu zipatazo 10,000. Watu walizipenda hata zikawa desturi, na mpaka leo familia husafiri kwenda kuzitazama. Lakini fikirini balbu 10,000 kando ya bahari, kwenye upepo, mvua na chumvi! Sisi watu wa pwani tunajua chumvi inavyokula chuma. Kilichohitajika pale kilikuwa waya wenye ganda zuri, na holda zisizopitisha maji.

Sasa tuingie ndani ya waya wenyewe, maana kuna namna mbili za kutunga taa. Namna ya kwanza ni ya mfuatano: umeme unapita balbu ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu, kama watu waliojipanga kupokezana ndoo. Akianguka mmoja, ndoo haifiki. Namna ya pili ni ya sambamba: kila balbu ina njia yake kutoka kwenye waya mkuu, kama nyumba zilizopangana barabarani, kila moja na mlango wake. Nyumba moja ikifungwa, nyingine zinaendelea.

Mitungo ya mwanzo ya Marekani mingi ilikuwa ya mfuatano, na sababu ilikuwa hesabu ya bei. Umeme wa nyumbani ulikuwa kiasi cha volti 120. Ukipanga balbu nane za volti 15, jumla inatimia, na waya mmoja mwembamba unatosha. Lakini moja ikiungua, nane zote zinazima, na mwenye nyumba atakaa nazo akizijaribu moja moja. Kwa mtungo wa sambamba kila balbu lazima ihimili volti zote 120, na waya uwe mnene zaidi. Ni ghali, lakini unadumu. Mtaona kwamba tofauti ya bei iliyotutatiza dukani ilikuwepo tangu zama hizo.

Biashara ilikua. Inasimuliwa kwamba baada ya moto uliosababishwa na mishumaa New York mwaka 1917, kijana Albert Sadacca, ambaye jamaa zake walikuwa wakiuza mapambo ya taa, alishauri watengeneze mitungo ya umeme kwa ajili ya miti ya Krismasi. Miaka ya 1920 yeye na nduguze waliingia katika umoja wa watengenezaji uliozaa kampuni ya NOMA, ikawa jina kubwa kupita yote katika biashara hiyo kwa miongo kadhaa. Katikati ya miaka ya 1960 kampuni hiyo ilifilisika, wakati taa ndogo za bei nafuu kutoka nchi za nje zikijaa madukani.

Taa hizo ndogo zilirudisha ule mfuatano kwa nguvu mpya: balbu 50 za volti mbili na nusu kila moja kwenye waya mwembamba. Wahandisi walibuni hila ya kuuokoa mtungo. Ndani ya balbu waliweka kiwaya cha akiba. Uzi wa balbu ukikatika, kiwaya kile kinachukua nafasi yake na umeme unaendelea kupita. Hila nzuri, lakini ina gharama. Balbu iliyokufa haibebi tena sehemu yake ya mzigo, na zilizobaki zinaubeba wao. Zinang'ara kidogo zaidi, zinapata joto zaidi, na zinakufa mapema zaidi. Ndiyo maana ukiona tatu zimezima na ukaziacha, haichukui muda zitafuata nyingine.

Mageuzi ya mwisho ni taa za LED. Nyekundu ya kuonekana kwa macho ilitengenezwa na Nick Holonyak mwaka 1962, lakini mwanga mweupe ulisubiri mpaka ipatikane ya buluu, iliyofanikishwa na Wajapani Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Faida yake ni kubwa. Chukueni mtungo wa uani wenye balbu 24 za kizamani za wati 11: jumla ni wati 264. Ukiuwasha saa tano kila usiku, kwa siku 30 unakula karibu uniti 40 za umeme. Balbu 24 za LED za wati moja, kwa muda huo huo, hazifiki hata uniti nne. Tena hazina joto la kuunguza kitambaa cha hema wala mkono wa mtoto.

Lakini LED haikuufuta ule ukweli wa zamani. Taa yenyewe inaweza kuishi miaka mingi, na mtungo ukafa msimu wa pili kwa sababu maji yameingia kwenye holda na shaba imeota kutu. Kwa hiyo anayetaka kulinganisha ubora aanze pale ambapo macho hayaendi. Atazame unene wa waya: kwa vipimo vya Marekani, namba ikipungua waya unanenepa, hivyo namba 14 ni mnene kuliko 18, na 18 kuliko 22. Atazame herufi IP zinazofuatwa na tarakimu mbili: ya kwanza ni kinga ya vumbi, ya pili ni ya maji. IP44 huhimili maji yanayorushwa kutoka kila upande; IP65 huhimili hata maji yanayopigwa kwa mpira wa bustani. Aulize kama balbu zinabadilishika, na kama moja ikitolewa nyingine zinabaki zikiwaka. Maswali hayo yanamhukumu muuzaji kuliko picha iliyo kwenye boksi.

Kuna jambo linalotuhusu sisi hasa, wenye mazoea ya kutuma mizigo nyumbani. Umeme wa Marekani ni volti 120. Tanzania ni 230, Kenya na Oman ni 240. Mtungo wa balbu za kizamani ulionunuliwa Marekani ukichomekwa Tanga au Mombasa unapokea volti maradufu, na joto lake linakaribia mara nne. Kinachofuata si harusi tena. Kibadilisha plagi hakibadilishi volti, hata muuzaji aseme nini. Aliyeko Uingereza ana nafuu, maana volti zinakaribiana na plagi ya pembe tatu ndiyo ile ile.

Tunamalizia kwa pendekezo. Kule kwetu mtaa ulikuwa na sufuria zake kubwa, majamvi yake na karabai zake. Kila mwenye shughuli alizichukua, akazirejesha zikiwa safi, na hakuna aliyenunua vyake vya siku moja. Jumuiya zetu huku zinaweza kufanya vivyo hivyo. Badala ya kila harusi kununua mitungo kumi ya rahisi na kuitupa kwenye pipa asubuhi, tuchange tununue michache ya waya mnene, ya sambamba, yenye balbu za kubadilishwa na lebo ya matumizi ya nje. Iwekwe kwa mtu mmoja mwaminifu, aikague ganda na holda kila inaporudi, na aliye na shughuli aje kuiazima.