Kuwamba Spika: Habari za Sauti Garini na Mafundi wa Mwanza

Utamaduni wa Mwanza ukitajwa, mtu hukumbuka upesi ngoma. Hukumbuka bugobogobo na majembe yake, hukumbuka Bagika na Bagalu wakishindana uwanjani, na akiwa msomi kidogo hukumbuka pia makumbusho ya Bujora kule Kisesa. Hakuna akumbukaye spika ya gari. Nami nilipowaambia wenzangu ofisini kwamba nakusudia kuandika habari zake katika mkusanyo huu, mmoja wao alicheka hata akaweka kalamu chini. Simlaumu. Lakini namwomba msomaji anisikilize, kwani spika nayo ni ngoma, tena hata mafundi wetu huitengeneza kwa neno lile lile la ngoma. Husema wanaiwamba.

Mwambaji wa ngoma huitandaza ngozi mbichi juu ya mzinga, akaikaza, akaianika juani. Na mpigaji huipasha moto kabla ya mchezo ili ilie vema. Ngozi ikilegea, sauti huwa nzito na butu. Ikikazwa kupita kiasi, hupasuka. Spika ina mambo hayo hayo. Nyuma yake ipo sumaku, na ndani ya uwazi mwembamba wa sumaku hiyo hukaa koili ya waya wa shaba. Umeme utokao redioni upitapo katika koili, sumaku huisukuma na kuivuta. Koili imegandishwa kwenye koni ya karatasi, na karatasi hiyo ndiyo itikisayo hewa hadi masikioni mwetu. Umbo hili lilielezwa na Wamarekani wawili, Chester Rice na Edward Kellogg, mwaka 1925, na katika miaka mia moja iliyopita halikugeuka sana.

Redio ya gari haikuchelewa kufuata. Mwaka 1930 kampuni moja ya Chicago, Marekani, ilianza kuuza redio za magari kwa jina la Motorola, na mwaka 1932 kampuni ya Blaupunkt ya Ujerumani ikatoa ya kwake. Zilikuwa redio za valvu. Valvu huhitaji umeme wa nguvu kubwa kuliko ule wa betri ya gari, kwa hiyo palikuwa na kifaa cha kuuongeza umeme huo, nacho kilivuma kama nyuki muda wote gari lilipokuwa likiimba. Mwenye gari aliyejisahau akasikiliza hali injini imezimwa, asubuhi alisukuma.

Kwetu sisi sauti ya kwanza iliyotoka garini haikuwa ya muziki wa tajiri ajiburudishaye, bali ya serikali izungumzayo na watu wake. Kati ya mwaka 1935 na 1937 ulifanyika mradi wa filamu za elimu, makao yake yakiwa Vugiri katika milima ya Usambara. Wenye mradi walizunguka Afrika ya Mashariki na ya Kati kwa lori lililobeba mtambo wa sinema, na maelezo ya filamu yalirekodiwa katika sahani za santuri, yakasikizwa kwa vipaza sauti. Baada ya vita vikuu vya pili, magari ya sinema ya idara ya habari yaliufuata mtindo huo. Mwaka 1951 ilianzishwa Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 likaja Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikazaliwa Redio Tanzania Dar es Salaam. Kuanzia hapo sauti ya taifa ilikuwa na mahali pa kutokea, ila mahali pa kufikia palikuwa ni tatizo jingine. Redio zilikuwa chache. Ndiyo maana kuanzishwa kwa kiwanda cha Matsushita mjini Dar es Salaam mwaka 1966, kilichotengeneza redio na betri, si jambo la biashara peke yake. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma pamoja, nayo isingewezekana kama spika ndogo za vijijini zingekuwa bubu.

Sasa niingie katika gari ninalolijua mwenyewe.

Marehemu mjomba wangu alikuwa na Peugeot 404, akiifanyia kazi ya teksi mjini Mwanza. Vijana wa leo hawawezi kujua heshima ya gari lile. Lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha miaka mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968; na katika ushindi wa mwaka 1966 na 1967 usukani ulishikwa na Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania. Mjomba aliyataja mambo hayo kwa abiria kama mtu atajaye nasaba yake. Redio yake ilikuwa ya transista, na spika moja tu chini ya dashibodi, ya duara, yenye wavu wa chuma uliokwisha kushika kutu kwa unyevu wa ziwa.

Tarehe 2 Novemba 1978 Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba tutapigana na majeshi ya Idi Amin yaliyoivamia Kagera. Nilikuwa na umri wa miaka minane. Gari lilikuwa uani, milango yote minne imefunguliwa, na majirani wamelizunguka, wengine wameegemea boneti, akina mama wamekaa mikekani. Siyakumbuki maneno yote, na sitaki kujidai kuyakumbuka. Nakumbuka kwamba spika ilipokoroma, mjomba aliinama akaibonyeza karatasi yake kwa kidole, akakaa vivyo hivyo, mgongo umepinda, mpaka hotuba ikaisha. Koni ilikuwa imepasuka pembeni, na bila kidole chake tusingesikia neno. Miezi michache baadaye, Machi 1979, ndege ya Libya iliyokusudia kuupiga mji wa Mwanza ilikosa shabaha, na mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua wanyama wa hifadhi. Habari hizo nazo tulizisikia uani pale, lakini safari hii kwa spika iliyokwisha kuwambwa.

Aliyeiwamba alikuwa fundi wa Makoroboi. Wanafunzi wa mikoa mingine huenda hawajui kwamba mtaa huo wa katikati ya Mwanza ulipata jina lake kutokana na koroboi, taa za mafuta ya taa zinazoundwa kwa makopo matupu. Mahali ambapo kopo hugeuka taa, haishangazi kwamba karatasi hugeuka sauti. Nilipelekwa pale na mjomba nikamwona fundi akifanya kazi. Aliikata koni ya zamani kwa wembe, akaifanya kielelezo, akachora juu ya karatasi ngumu, akaikunja na kuiunganisha kwa gundi. Koili aliizungusha upya kwa waya alioutoa katika transfoma iliyoungua, akihesabu mizunguko kwa sauti ya chini kama ahesabuye shanga. Ukingo wa koni, ambao lazima uwe mlaini ili karatasi iweze kucheza, aliufanya kwa kitambaa cha pamba alichokipaka mpira. Kisha alikunja kipande cha filamu ya picha, akakiingiza kati ya koili na chuma, ili koili ikae katikati barabara mpaka gundi ikauke. Koili ikigusa sumaku hata kidogo, spika hukwaruza.

Miaka ya 1980 kazi ya mafundi hao iliongezeka mno. Fedha za kigeni zilikuwa haba, vipuri vilikuwa vya kutafutwa kwa tochi, na baada ya msako wa wahujumu uchumi mwaka 1983 hata mwenye bidhaa halali aliogopa kuionyesha dirishani. Kanda za kaseti, zilizobuniwa na Philips mwaka 1963, zilikuwa zimekwisha kuenea, na kila teksi ilitaka kupiga muziki wa dansi kwa spika mbili za nyuma. Hapo ndipo makosa yalipoanza. Redio iliyoundwa kwa spika ya omu 8 ikifungiwa ya omu 4, umeme hupita mwingi kuliko kiasi, na transista huungua. Vilevile spika mbili zikiunganishwa kinyume, moja ikisukuma hewa mbele hali nyingine inaivuta nyuma, sauti nene ya gitaa la besi hutoweka. Wenye magari waliwalaumu Wafaransa na Wajapani. Fundi wetu alichukua betri moja ya tochi, akaigusisha kwenye nyaya, akatazama kama koni inatoka au inaingia, kisha akaweka alama kwa rangi. Mwalimu wa fizikia anaweza kulifanya jambo hili darasani leo hii, gharama yake ni betri moja.

Tangu redio za binafsi ziruhusiwe katika miaka ya 1990, na spika mpya za bei nafuu zijae madukani, kazi ya kuwamba imepungua sana. Ni rahisi zaidi kutupa. Siwaonei haya wanaotupa, kwa maana mimi mwenyewe nilikaribia kutupa. Gari la mjomba lilinijia kwa urithi, na karakana moja niliyoipelekea ilinishauri kupasua dashibodi ili spika kubwa za kisasa zipate nafasi. Walikwisha kuchora duara kwa chaki nilipofika kulichukua. Niliwazuia, tukagombana kidogo juu ya malipo ya chaki.

Kijana aliyelishughulikia mwisho ni mwenye kujua mambo. Aliniambia kwamba spika za leo hutengenezwa hata kwa ukubwa wa zile za kale, na kwamba ningeweza kuficha mbili ndogo chini ya viti bila kutoboa chochote, kisha ile ya zamani ibaki mahali pake kama pambo. Nilikubali zile mbili. Kuhusu pambo nilikataa. Tuliifungua ya zamani, tukakuta kitambaa cha Makoroboi kimekauka na kuchanika, ila koili ilikuwa nzima. Kijana aliipima akapata omu 7, akasema inatosha, kwani spika ya omu 8 ikipimwa kwa mita huonyesha pungufu kidogo. Akakata ukingo mpya. Sasa taarifa ya habari naisikiliza kwa ile moja, muziki kwa zile mbili, na koni bado ina karatasi ile ile ngumu aliyoikunja fundi. Ukiimulika kwa taa unaona kwamba lilikuwa jalada la daftari la shule, na nusu ya jedwali la kuzidisha ingali inasomeka.