Kifua kikuu: juu ya nini dawa ni miezi 6 wakati kikohozi kimekwisha?

Muntu akimeza dawa za kifua kikuu wiki kadhaa, homa inashuka, kikohozi kinapungua, hamu ya kula inarudi. Hapo ndipo wengi wanaacha dawa, wanasema wamepona. Lakini mikrobe ya ugonjwa huu ina maficho: inakaa ndani ya seli za mwili zenyewe.

Inaingia namna gani?

Mgonjwa akikohoa, mikrobe zinatoka katika matone madogo sana yanayobaki hewani, zaidi katika nyumba isiyo na madirisha. Mwengine akiyavuta, yanafika chini kabisa ya mapafu. Kule kuna askari wa mwili wanaoitwa makrofaji. Kazi yao ni kumeza mikrobe, kuifunga katika kifuko, na kuimwagia asidi ya kuisaga. Mikrobe nyingi zinafia humo.

Hii ya kifua kikuu inajitetea. Ngozi yake ina mafuta mazito kama nta, tena inatoa vitu vinavyozuia asidi isijae katika kifuko. Basi askari aliyeimeza anageuka kuwa nyumba yake: inakula humo, inazaa humo.

Inalala, haitoki

Mwili unaleta askari wengine, wanaizunguka kama boma. Ndani ya boma hilo mikrobe inaweza kulala miaka mingi, na muntu hakohoi wala haambukizi. Kadiri ya OMS, karibu robo ya watu duniani wameambukizwa. Kati yao 5 mpaka 10 kwa 100 ndio watakaougua. Boma linabomoka zaidi mwili ukikosa nguvu: njaa, kisukari, ao virusi vya SIDA.

Ndiyo maana miezi 6

Mikrobe hii inajigawa mara moja hivi kwa saa 20. Ile iliyolala inachelewa sana kufa. Kwa hiyo matibabu ya kawaida yana sehemu mbili: miezi 2 ya dawa nne (rifampisini, izoniazidi, pirazinamidi na etambutoli), kisha miezi 4 ya rifampisini na izoniazidi. Sehemu ya kwanza inaua zile nyingi. Ya pili inazifuata zilizobaki mafichoni. Ukiacha katikati, ugonjwa unaweza kurudi, na mikrobe ikiwa imezoea dawa.

Ya kukumbuka

- Kikohozi kikipita wiki 2, nenda kituo cha afya wapime makohozi. Dawa za kifua kikuu ni za bure.
- Mkojo kuwa rangi ya machungwa ni kawaida ya rifampisini. Lakini macho yakiwa manjano, ao ukianza kuona vibaya, rudi kwa muganga haraka.
- Ukikimbia vita, beba karatasi yako ya matibabu na dawa zilizobaki. Kwenye kituo cha kwanza utakachofikia, sema: niko kwenye dawa za kifua kikuu, mwezi wa ngapi. Usingoje urudi kwenu.