Bunduki kuukuu za Kisovieti: alama zinazoeleza zilikotoka

Bunduki ya Mosin-Nagant, iliyobebwa na askari wa Urusi tangu mwaka 1891 hadi baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ni miongoni mwa silaha kuukuu za kijeshi zilizoingizwa kwa wingi nchini Marekani baada ya Muungano wa Kisovieti kusambaratika mwaka 1991. Katika miaka ya 1990 na 2000 bunduki moja iliweza kununuliwa kwa chini ya dola 100, ikiwa bado imepakwa grisi nzito iliyoilinda na kutu ghalani. Biashara hiyo sasa imekauka na bei imepanda mara kadhaa. Kwa sababu hiyo, asili ya kila bunduki imekuwa suala la fedha, na wakati mwingine la sheria.

Wauzaji hupenda kusema kuwa bunduki yao ilipigana Stalingrad. Huenda ni kweli, lakini mnunuzi makini hasikilizi hadithi kabla ya kukisoma chuma.

Mahali pa kuanzia ni juu ya mtutu, sehemu ya nyuma inapokaa risasi. Hapo kiwanda kiligonga alama yake, mwaka wa kutengenezwa na namba ya mfululizo. Nyota yenye mshale ndani yake ni alama ya kiwanda cha Tula, kusini mwa Moscow. Pembetatu yenye mshale ni ya Izhevsk, karibu na milima ya Ural. Mwaka hufuatwa na herufi ndogo ya Kirusi inayosimama badala ya neno "mwaka". Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 namba nyingi hutanguliwa na herufi mbili za Kisirili.

Bunduki zilizotengenezwa kabla ya mapinduzi ya 1917 zilikuwa na tai wa Kaisari, na mara nyingi tai huyo alisagwa na watawala wapya. Si zote zilizotoka Urusi. Fungu la kwanza kubwa liliagizwa kutoka Châtellerault nchini Ufaransa, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza serikali ya Kaisari iliagiza mamilioni kutoka kampuni za Marekani za Remington na New England Westinghouse. Baadhi ya bunduki zilizoonekana katika maduka ya Marekani miaka mingi baadaye zilikuwa, kwa hakika, zimerudi nyumbani.

Mtego mkubwa umo katika namba. Mnunuzi hukuta namba ileile kwenye mtutu, kwenye bolti, kwenye kifuniko cha chini cha magazini na kwenye bamba la kitako, akaamini kuwa vipande vyote vilitoka kiwandani pamoja. Mara nyingi sivyo. Baada ya vita, karakana za jeshi la Kisovieti zilikusanya bunduki kwa wingi, zikazifungua, zikatupa vilivyoharibika na kuziunganisha upya kwa vipande vilivyopatikana. Namba za zamani zilisagwa au zikapigwa mstari, na namba ya mtutu ikagongwa mahali pake. Lengo la mafundi lilikuwa kupata silaha inayofanya kazi siku ya kuhitajika. Hawakuwa na nia ya kumdanganya mtu, lakini kazi yao humpotosha anayeitazama leo.

Ukarabati huo huacha dalili. Maumbo ya tarakimu hutofautiana kati ya mtutu na bolti, au namba imeandikwa kwa kalamu ya umeme badala ya kugongwa. Mti hung'aa kwa vanishi nyekundu iliyopakwa juu ya mikwaruzo ya zamani. Alama inayotafutwa zaidi ni mstatili mdogo uliokatwa na mstari wa mshazari, ambao huonyesha kuwa bunduki ilipita karakana. Bunduki ya namna hiyo inaweza kuwa na mtutu wa 1942, bolti ya kiwanda kingine na mti wa bunduki ya tatu. Kuuliza ilipigana wapi ni kuuliza habari za vipande vitatu kwa wakati mmoja.

Historia iliyo wazi zaidi ni ya zile zilizopitia Finland. Nchi hiyo ilipojitangazia uhuru mwaka 1917 ilirithi bunduki nyingi za Kirusi, ikanunua nyingine Ulaya, kisha ikateka nyingine katika vita vyake na Wasovieti vya 1939 hadi 1940 na vya 1941 hadi 1944. Tangu 1942 jeshi lake liligonga herufi SA ndani ya kisanduku. Bunduki ya Tula ya mwaka 1939 yenye alama hiyo hakika ilitoka katika mikono ya Kisovieti ikaingia ya Kifini. Hata hivyo, SA peke yake haithibitishi kuwa Wafini ndio walioiteka, kwani Ujerumani nayo iliwapatia sehemu ya bunduki ilizozinyakua upande wake.

Wafini walitengeneza mitutu mipya katika viwanda vya Sako, Tikka na VKT, lakini hawakutengeneza kiunzi, yaani chuma cha katikati kinachobeba mtutu na bolti. Walitumia viunzi vilivyokuwapo. Kwa hiyo bunduki yao ya M39 inaweza kusomeka 1942 kwa nje, na mti ukivuliwa, mkia wa kiunzi ukaonyesha 1897. Tofauti hiyo ina uzito wa kisheria, kwa kuwa sheria ya Marekani huhesabu silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake kuwa ya kale, na kinachoangaliwa ni kiunzi. Mwaka mmoja uliofichwa chini ya mti huamua taratibu za kuiuza.

Zipo pia alama za nchi zilizotengeneza bunduki za aina hii baada ya 1945. Namba 02 ni ya Hungary, na 11 ndani ya duara refu ni ya Poland.

Alama inayochukiwa na wakusanyaji ndiyo yenye kuaminika kuliko zote: ile ya mwagizaji. Marekani ilizuia uagizaji wa silaha kuukuu za kijeshi mwaka 1968, ikaufungua tena mwaka 1984 kwa zile zenye thamani ya kihistoria. Mwagizaji hulazimika kuandika juu ya chuma jina lake, mji na jimbo lake, pamoja na nchi ya asili. Tangu Januari 2002 kanuni zilitaka namba ichimbwe kwa kina kisichopungua elfu tatu za inchi. Maandishi hayo huharibu sura, lakini hayategemei kumbukumbu ya mtu.

Mahali ambapo udanganyifu hulipa zaidi ni kwenye bunduki za wadunguzi. Bunduki ya kawaida inaweza kutobolewa na kuwekewa darubini, bei ikapanda sana. Ile ya kweli kwa kawaida ina namba ya darubini iliyogongwa ubavuni mwa sehemu ya nyuma ya mtutu. Nyingine zilivuliwa darubini na jeshi lenyewe na matundu yakazibwa, hivyo ziba za zamani zilizosawazishwa vizuri ni ushahidi mzuri kuliko darubini mpya.

Kanuni hizo hizo zinahusu silaha zinazokamatwa leo. Protokali ya Nairobi ya mwaka 2004, iliyotiwa saini na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, inataka silaha ndogo itiwe alama inapotengenezwa na inapoingizwa nchini. Ofisa anayenakili tarakimu pekee na kuacha herufi za Kisirili, mwaka na nembo ya kiwanda huwa ameandika namba inayoweza kuwa ya bunduki nyingi, kwa kuwa Tula na Izhevsk zilitumia tarakimu zilezile, na kabla ya herufi kuanza kutumika hesabu ilirudiwa kila mwaka. Picha ya alama zote, ikiwamo upande wa chini, hufaa kuliko maelezo ya mdomo.

Septemba 2021 Marekani ilianza kukataa vibali vipya vya kuingiza bunduki na risasi kutoka Urusi. Zilizokwisha kuingia huendelea kubadilisha mikono, na hadithi zake huongezeka kila zinapouzwa.