Mafahali Wanne Katika Zizi Moja

WAHENGA walinena kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Methali hii tunaitumia sana, hasa msimu wa siasa. Lakini upo mchezo ambao kwa zaidi ya miaka 40 umekuwa ukiwafungia mafahali wanne ndani ya zizi moja, na wakatoka wakiwa wazima. Nazungumzia mashindano ya kimataifa ya raketiboli, kitengo cha wanaume wawili wawili. Historia yake inamhusu hata mpenzi wa Kiswahili ambaye hajawahi kushika raketi, kwa sababu mchezo huu unategemea tofauti ndogo sana ya maneno.

Hebu tulitazame zizi lenyewe. Ni chumba chenye urefu wa futi 40, upana wa futi 20 na kimo cha futi 20. Hakuna wavu. Katika tenisi kila jozi ina kwao na ina kwa mwenzake. Hapa wote wanne wako sakafu moja, wanapigia ukuta mmoja wa mbele, na hata dari ni sehemu ya uwanja. Anayejua skwoshi ataona undugu wa michezo hii miwili, ila katika raketiboli hakuna ile bati chini ya ukuta wa mbele. Mpira unaweza kupigwa chini kabisa, ukarudi ukibiringika sakafuni bila kudunda. Hapo pointi imekwisha, hakuna la kufanya.

Mwasisi wa mchezo huu ni Joe Sobek, Mmarekani aliyeubuni mwaka 1950 huko Greenwich, Connecticut. Hakujenga uwanja mpya. Aliingia kwenye vyumba vya YMCA vilivyokuwa vikitumiwa kwa mpira wa mikono wa ukutani (si ule wa mikono tunaouona kwenye Olimpiki), akaja na raketi fupi yenye nyuzi. Kwa kuwa vyumba vya aina hiyo vilikuwa tayari katika miji mingi ya Marekani, mchezo ulienea upesi. Jina la kwanza alilolitoa Sobek liliunganisha kibao na raketi. Halikudumu. Mwaka 1969 Robert Kendler, aliyekuwa kiongozi wa mpira wa mikono wa ukutani, aliunda chama cha kimataifa, na jina la sasa likashika.

Shirikisho la kimataifa lilianzishwa mwaka 1979, na mashindano ya kwanza ya dunia yakafanyika mwaka 1981 mjini Santa Clara, California. Basi ungedhani huu ungebaki mchezo wa Wamarekani tu. Wapi! Katika Michezo ya Mataifa ya Amerika ya mwaka 2011 kule Guadalajara, dhahabu ya wanaume wawili wawili ilichukuliwa na Álvaro Beltrán na Javier Moreno wa Mexico. Wawili hao waliirudia kazi hiyo jijini Toronto mwaka 2015. Mwaka 2018, kwenye mashindano ya dunia jijini San José, Costa Rica, taji la wawili wawili lilikwenda Bolivia kupitia Roland Keller na Conrrado Moscoso.

Wamexico hawakupokea mchezo tu, walipokea na jina wakalinyoosha kwa kalamu yao: wanaandika raquetbol. Hawakuomba ruhusa ya mtu. Sisi nasi tukiandika raketiboli hatujakosea, ila kazi haiishii kwenye jina. Kazi kubwa iko kwenye sheria.

Watu wanne wenye raketi wakikimbia katika chumba kimoja, ni lazima watazibiana njia. Ndiyo maana sheria inamtaka mwenzake anayeanzisha mpira asimame mgongo ukutani hadi mpira upite mstari. Baada ya hapo, mwamuzi hupima aina mbili za kuzibiana. Ya kwanza ni ile isiyokusudiwa na isiyoepukika, na pigo hurudiwa. Ya pili ni ile ambayo mchezaji angeweza kuiepuka, lakini hakumpisha mpinzani. Huyo hupoteza pigo. Kiingereza hutumia neno moja kwa zote mbili, kisha hulazimika kuliongezea kivumishi.

Kiswahili kina maneno mawili kamili. Kikwazo kinatokana na kukwaa, yaani kujigonga mguu kwenye kitu: jiwe halikukusudia. Kizuizi kinatokana na kuzuia, na mzuiaji anajua anachofanya. Kwa maoni yangu, mtangazaji wetu akisema "kikwazo", msikilizaji ajue pigo linarudiwa; akisema "kizuizi", ajue kuna aliyeadhibiwa.

Najua kuna atakayeuliza: mbona magazeti husema nchi fulani "imewekewa vikwazo", na hapo kuna aliyekusudia kabisa? Swali ni la haki. Matumizi ya kila siku yameyachanganya maneno haya, na kamusi huyaeleza kama visawe. Lakini istilahi huundwa hivyo hivyo: uwanja maalumu huchukua neno la wote na kulipa mpaka. Wanasarufi walilichukua neno ngeli, na leo hakuna mwanafunzi anayelalamika.

Faida yake haiishii chumbani mwa raketiboli. Mara ngapi tumesikia kwamba mradi wa maji au wa barabara umekwama kwa sababu ya "vikwazo", kumbe kuna mtu aliyesimama njiani akijua vyema kuwa angeweza kupisha? Mwamuzi wa mchezo huu hakubali lugha ya namna hiyo. Anauliza swali moja tu: je, ungeweza kusogea? Jibu likiwa ndiyo, hicho ni kizuizi, na pointi inakwenda kwa mwingine. Nasi tuanze kuuliza vivyo hivyo kila tunaposikia neno "vikwazo".